Bodi ya kuwashia ya PDP-11/34

Jumamosi nzima nilikuwa nimeinama mbele ya PDP-11/34, kompyuta iliyotolewa na Digital Equipment Corporation mwaka 1976, nikiishangaa kwa jinsi ilivyokuwa ikiwaka taa bila kuisoma diski ya RL02. Nilipoichomoa bodi ya kuwashia, inayobeba programu za kuianzisha kompyuta, iliyo mwisho wa Unibus, njia inayounganisha sehemu za kompyuta hiyo, nilikuta mpini wake umeandikwa M9312, yaani ile ya soketi tano: moja ya ROM (chipu ya kumbukumbu ya kusomwa tu) ya konsoli, yaani kituo cha kuandikia amri, na uchunguzi, nne za ROM za vifaa kama diski.

Karatasi zilizobandikwa juu ya chipu zilikuwa zimefifia, na hata zingesomeka nisingeziamini, kwa kuwa mikono mingi imeshapita humo. Njia ya uhakika ni kusoma anwani 773000, 773200, 773400 na 773600, zote kwa hesabu ya msingi wa nane, kwa sababu neno la kwanza la kila ROM ya kifaa hubeba herufi mbili za jina lake. Anwani ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilinipa 042114, ambayo ni “DL”, jina la diski za RL.

Kumbe chipu niliyoitafuta ilikuwamo, ila aliyeipachika aliruka soketi ya kwanza, na programu ya konsoli hufuata ROM hizo kama mnyororo, moja ikielekeza kwenye inayofuata, hivyo soketi tupu iliukata mnyororo. Niliihamisha hadi soketi ya kwanza, nikawasha upya, na alama ya @, ishara kuwa konsoli inasubiri amri, ilipojitokeza nikaandika DL0, yaani diski ya RL namba sifuri.

Diski ikaanza kusomwa.