Nyumba ya Babu Haikutaka Saruji

Nilipotaka kuigeuza nyumba ya babu kuwa nyumba ya wageni, mafundi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia neno moja: "Dada, bomoa." Leo wageni wanalala katika chumba alichozaliwa baba yangu, huku Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, na ukuta ni mkavu. Najivunia, sifichi.

Babu aliijenga mwaka 1954 kwa pesa za kahawa. Miaka ile bei ilikuwa nzuri, na wengi waliouza kupitia KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa 1933, walitoka kwenye nyumba za majani wakaingia za mawe na bati. Yetu ni mawe ya mlimani, udongo katikati, chokaa juu.

Chokaa ilikuwa imebanduka. Fundi akasema tuikwangue yote, tupige plasta ya saruji. Ikapendeza Januari nzima. Masika yakaingia, kufika Aprili rangi imevimba malengelenge, ukungu umepanda hadi kiunoni, magodoro mapya yananuka. Fundi akarudi na ushauri: tuongeze saruji yenye dawa ya kuzuia maji! Milioni mbili na ushee zilishakwenda. Nilikaa barazani nikalia.

Aliyenifungua macho ni shangazi, mwenye miaka themanini na kitu. Alipitisha kiganja ukutani. "Mwanangu, kwa saruji hii mmeiziba pumzi, unyevu hauna pa kutokea. Baba alikuwa analoweka chokaa shimoni, anaiacha mpaka tunaisahau."

Sikutaka kubahatisha tena. Nilikata vipande vya nailoni nikavibandika kwa selotepu kingo zote nne, kimoja kila ukuta. Asubuhi ya tatu, cha ukuta wa nyuma, upande wa mlimani, kilikuwa na matone kwa ndani, kati ya nailoni na ukuta. Vingine vikavu. Basi maji yalitoka ukutani kwenyewe, si mvuke wa chumbani. Nikazunguka nyuma na jembe. Udongo wa migombani ulikuwa umeporomoka miaka na miaka ukaegemea ukuta, umepita usawa wa sakafu karibu futi mbili, na juu yake mfongo wa zamani, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, unavuja. Hakuna fundi hata mmoja aliyezunguka nyuma kutazama!

Tukauondoa udongo huo, tukachimba mtaro, tukajaza kokoto, maji yakaelekezwa migombani. Saruji tuliibandua kwa patasi, taratibu, maana ukigonga kwa hasira jiwe linatoka nayo. Ukuta tukauacha uchi kiangazi kizima. Ndipo ikaja chokaa iliyolowekwa, moja kwa mchanga tatu, tabaka jembamba juu ya jembamba; ukiipaka nene inapasuka. Lowanisha ukuta kwanza.

Vyoo na leseni ya kulaza wageni nilishughulikia kama kila mtu.

Kuna aliyenishauri nijenge uzio kuficha makaburi ya babu na bibi, eti wageni wataogopa. Nilikataa. Yako palepale kihambani, kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, masale, mimea tunayoiheshimu Wachagga, yameyazunguka, na jioni wageni wanaoshuka mlimani hukaa karibu yake wakiniuliza habari za babu.

Masika ya mwaka huu nilibandika tena nailoni ukuta wa nyuma. Kavu pande zote. Shangazi akaomba alale chumba hicho usiku mmoja. Alikaa wiki nzima.