Utao Usikatwe: Mashairi ya Kiswahili Katika Skrini za Simu

Jumamosi, Ngamiani, Tanga

Mshororo, yaani mstari mmoja wa shairi, wenye mizani (silabi) 16 huchukua, katika diwani ya mashairi tunayoitayarisha isomwe katika simu, herufi 35 hadi 40 ukijumlisha nafasi na alama za uandishi, na hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyonikalisha mezani juma hili lote. Simu nyingi za bei nafuu zilizomo mikononi mwa watu hapa mjini hukiambia kivinjari kwamba upana wao ni pikseli 360. Ukiacha ukingo wa pikseli 16 kila upande zinabaki 328, na kwa kuwa ukubwa wa kawaida wa maandishi katika vivinjari ni pikseli 16, na herufi moja hula karibu nusu ya ukubwa huo kwa upana, nafasi inayopatikana ni ya herufi 40 hivi. Kwa hiyo mshororo wetu unaingia, lakini unaingia kwa kubanana, na yeyote aliyekuza maandishi ya simu yake kwa sababu ya macho, au anayetumia simu yenye upana wa 320, atauona ukimwagika. Kinachomwagika ni neno la mwisho, ambalo ndilo lililobeba kina cha nje, yaani silabi za mwisho zinazofanana katika mishororo, na likishaanguka peke yake chini ya mstari, ubeti mzima hupoteza sura ambayo mtunzi aliihangaikia silabi kwa silabi.

Chukua mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya majaribio tu: "Bandarini tumefika, jahazi limeshatia". Una herufi 37 pamoja na nafasi zake. Katika simu yangu umekaa mstari mmoja. Katika simu ya jirani yangu, ambaye ameongeza ukubwa wa maandishi, neno "limeshatia" limeshuka chini. Aliyezoea mashairi ataurekebisha kichwani mwake. Kijana anayekutana na tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, kwa mara ya kwanza katika skrini ataona mistari 8 isiyolingana, minne mirefu na minne ya neno moja moja, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba mbele yake ipo mishororo 4 yenye vipande viwili viwili, ukwapi kwanza na utao baada yake. Katika mkoa huu alikozaliwa Shaaban Robert, kule Vibambani, mwaka 1909, mashairi hayakuwahi kuwa jambo la darasani peke yake. Watu huyasoma kwa sauti, huyaimba, na hujibizana kwayo. Umbo likipotea, mwenye kuyasoma kwa sauti hajui apumue wapi.

Mashairi yenyewe ni ya marehemu baba yake Maalim mmoja wa mtaa huu, mwalimu mstaafu ambaye amelitunza daftari la mzee wake kwa uangalifu mkubwa. Kabla ya kuanza kazi nilimwonyesha namna beti hizo zinavyoonekana sasa katika kundi la WhatsApp la ukoo wao. Akavaa miwani, akasoma kidogo, akaishusha simu. "Mwanangu, mzee hakukata namna hii," akaniambia. "Akimaliza ukwapi ndipo hutua. Hapa utao umekatwa katikati, na kina kimetupwa huko chini." Nilimjibu, "Ndiyo, Maalim, na hilo ndilo ninalotaka tulitengeneze," na maelezo yake yakawa kipimo cha kazi yote iliyofuata.

Mpaka sasa mashairi hayo yamekuwa yakizunguka kwa njia mbili, yaani faili la PDF lililopangwa kwa karatasi ya A4, na picha za kurasa za daftari. PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993 kwa lengo la kuhakikisha kwamba ukurasa unaonekana vilevile popote unapofunguliwa, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Kwa kazi ya kumpelekea mpiga chapa ninaithamini sana. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo taabu yake katika simu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, skrini ya simu ina takriban 70, kwa hiyo ukurasa husinyaa hadi theluthi moja, na herufi iliyopangwa kwa pointi 12 humfikia msomaji ikiwa kama ya pointi 4. Ataukuza ukurasa kwa vidole viwili, kisha itambidi ausogeze kushoto na kulia katika kila mshororo. Picha, kwa maoni yangu, hazifai kabisa kuwa njia kuu ya kusomea: zinakula bando, huwezi kutafuta neno ndani yake, zikikuzwa hufifia, na programu zinazowasomea wasioona kwa sauti hazipati humo hata herufi moja ya uhakika. Tumeziweka kando ya matini kwa sababu moja tu, ili mwandiko wa mzee uonekane.

Ukurasa wa wavuti umejengwa juu ya wazo jingine. Mwandishi hueleza kwamba hiki ni kichwa, huu ni ubeti, huu ni mshororo, kisha kifaa cha msomaji ndicho kinachopima nafasi yake na kuvipanga. Mwaka 2010 mbunifu wa Marekani, Ethan Marcotte, aliipa jina mbinu ya kuunda ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa skrini, badala ya kuwa na ukurasa wa kompyuta na mwingine wa simu, na mbinu hiyo ndiyo inayotumika karibu kila mahali leo. Hata hivyo kifaa hakiwezi kuheshimu kitu ambacho hakikuambiwa kuwa kipo. Ukiuandika mshororo kama mstari mtupu wa maneno, kivinjari kitaukata palipoishia nafasi, kwa kuwa hakijui kwamba katikati yake pana mahali pa kutua.

Ndiyo maana nimetia alama katika kila kipande, ukwapi peke yake na utao peke yake, katika diwani yote. Ni kazi ya kuchosha, lakini sioni njia ya mkato iliyo salama, kwa sababu mkato wa uandishi (,) hauonyeshi kila mara mahali kilipo kina cha kati, yaani kile cha mwisho wa ukwapi. Mtunzi huyu hutumia mkato hata ndani ya kipande. Alama zikishakuwapo, agizo la mpangilio huwa fupi: pakiwa na nafasi vipande hukaa ubavuni kwa ubavu, na nafasi ikipungua utao hushuka chini ya ukwapi na kuingia ndani kidogo, ili jicho litambue kuwa ni mwendelezo wa mshororo uleule. Mwenye doti ya kanga huikata pale vipande viwili vinapokutana na hathubutu kupitisha mkasi katikati ya mji wake. Mshororo nao una mahali pake pa kukatwa. Kipimo cha kubadili mpangilio sikukiweka kwa kutaja aina ya simu, kwa maana simu mpya hutoka kila siku. Nimekipima kwa ukubwa wa herufi zenyewe, kiasi kwamba msomaji akikuza maandishi, mgawanyo hutokea mapema zaidi na vina hubaki mwisho wa mistari.

Kuna agizo moja fupi la kichwani mwa ukurasa ambalo likikosekana jitihada zote hizi huwa bure. Simu isiyoambiwa itumie upana wake halisi huchukulia kwamba ukurasa uliundwa kwa ajili ya kompyuta, huupanga kwa upana wa takriban pikseli 980, kisha huusinyaza wote uenee katika skrini. Tabia hiyo ilikuja na iPhone ya mwaka 2007, wakati ambapo tovuti nyingi zilikuwa za skrini pana, na ilikuwa na maana wakati huo. Bado nakutana na tovuti za Kiswahili, zenye makala nzuri kabisa, ambazo maandishi yake ni madogo mno katika simu kwa sababu ya kukosa mstari huo mmoja tu.

Jambo lililonichukulia muda kuliko nilivyotarajia ni ritifaa. Kiswahili hakiwezi kuandikwa bila hiyo, maana ng'ombe, ng'ambo na ng'ara vinaitegemea, na katika mashairi ya pwani hutokea mara nyingi. Kibodi nyingi za simu hutoa ritifaa iliyonyooka, ambayo katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ni U+0027. Programu za kuandikia za kompyuta huibadilisha kimyakimya kuwa ile iliyopinda, U+2019. Kwa macho hazitofautiani sana, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili mbalimbali, kwa hiyo mtu akitafuta neno kwa kutumia ritifaa ya simu yake, programu nyingine humwambia kwamba neno hilo halimo ilhali limo. Balaa kubwa zaidi hutokea faili linapopita katika programu isiyojua kuwa limehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za Unicode. Ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti 3, na programu inayodhani kwamba faili ni la mfumo wa zamani wa Windows huzisoma baiti hizo moja moja, hata ng'ombe akatokea katika skrini kama "ngâ€™ombe". Nimeamua kutumia ritifaa iliyonyooka katika diwani yote, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na kidole cha msomaji.

Uamuzi huo umeleta faida nyingine, na kwa watu wenye vitochi, simu ndogo zisizo janja, si ndogo. Ujumbe wa kawaida wa simu hubeba herufi 160 maadamu herufi zote zimo katika orodha ya msingi ya mitandao ya simu, na ritifaa iliyonyooka imo. Ubeti wa tarbia wenye mishororo 4 ya herufi 37 kila mmoja huwa na herufi 151 pamoja na mapumziko ya mistari, kwa hiyo huingia wote katika ujumbe mmoja. Ikijipenyeza humo ritifaa moja tu iliyopinda, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo, nafasi hushuka hadi herufi 70, au 67 kila kipande unapogawanywa, na ubeti uleule hulipiwa kama ujumbe 3. Wapo wazee katika ukoo wa Maalim ambao hawana simu janja na wanaopenda kupelekewa beti za ndugu yao siku za Ijumaa. Sipendi wapewe gharama hiyo kwa sababu ya alama isiyoonekana.

Sehemu ya mwisho ya daftari imeandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama ilivyokuwa desturi ya pwani hii kwa karne nyingi. Sauti za p, ch na v hazina herufi zake katika alfabeti ya Kiarabu, na mzee ametumia پ na چ na ڤ, ambazo zote zimo katika Unicode. Hata hivyo fonti ya simu ya zamani ikizikosa, msomaji huonyeshwa visanduku vitupu, kwa hiyo tunaiambatisha fonti yenye herufi hizo pamoja na ukurasa. Mwelekeo nao lazima utajwe waziwazi. Aya isiyotajiwa mwelekeo huchukuliwa kuwa inatoka kushoto kwenda kulia, na matokeo yake ni kwamba nukta ya mwisho wa sentensi hurukia upande usio wake. Mwelekeo ukishatajwa, ule mpangilio wa vipande hujigeuza wenyewe, ukwapi ukakaa kulia na utao kushoto, kama ulivyo katika daftari, bila mimi kuandika agizo jingine. Nilifurahi sana nilipoliona hilo.

Kujaribia katika kompyuta pekee, hata kwa kulipunguza dirisha, hakutoshi. Nimejaribu katika simu za zamani za Android, katika kishikwambi, na katika kitochi chenye intaneti ambacho skrini yake ni pikseli 240 kwa 320. Wapo pia wanaotumia Opera Mini ili kuokoa bando, na kwa kuwa kivinjari hicho hupitisha ukurasa kwenye seva zake na kuupunguza kabla haujafika, baadhi ya maagizo hayafanyi kazi humo. Kwa ajili hiyo mpangilio wa msingi, unaoonekana hata maagizo yote yakishindwa, ni utao chini ya ukwapi. Mpangilio wa ubavuni ni nyongeza ya walio na nafasi. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti ya mwaka 2018 inataka maandishi yasomeke katika upana wa pikseli 320 bila kusogezwa kulia na kushoto, na inaruhusu msamaha kwa vitu kama ramani na majedwali makubwa. Shairi halihitaji msamaha huo. Miongozo hiyohiyo inataka tofauti ya mwanga kati ya herufi na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1, na yeyote aliyewahi kusoma ujumbe akiwa juani pale Raskazone saa saba mchana anaelewa kwa nini maandishi ya kijivu hayana nafasi katika diwani hii.

Kilichobaki ni kawafi, tungo ambazo kila mshororo wake una vipande vitatu: ukwapi, utao na mwandamo. Kuvipanga vipande vyote 3 kimoja chini ya kingine kunaufanya ubeti uwe na mistari 12, na msomaji hudhani ni utenzi, ambao mishororo yake ni mifupi ya kipande kimoja. Kuviingiza ndani kwa ngazi kunakula nafasi yote ya skrini nyembamba. Nilimwomba Maalim anisomee mmoja kwa sauti, naye akausoma akitua baada ya ukwapi, kisha akaviunganisha vipande viwili vilivyosalia kwa pumzi moja. "Mwandamo usiuweke mbali na utao," akasema. Nimeufuata usomaji wake: ukwapi mstari wa kwanza, utao na mwandamo pamoja mstari wa pili, na kituo kidogo kati yake. Kwa upana wa 360 umekaa vizuri, na hata kwa 320. Kwa 240 mwandamo bado unamwagika, na kurasa za kawafi sitazitoa kwa watu mpaka nimelipatia hilo ufumbuzi.