Kicheko Kilipogawanyika Ukumbini

Juzi usiku nilikwenda kutazama tamthilia ndogo ya kichekesho inayowatania maprofesa wa fasihi. Ukumbi wa viti 40 hivi, waigizaji wanne, meza moja. Tangu nije huku kusomea uhakiki, sijaona hadhira ikigawanyika waziwazi namna ile.

Kisa chenyewe: profesa anaokota karatasi sakafuni, anaamini ni shairi la mwisho la mshairi aliyefariki. Kumbe ni vipimo vya mabomba alivyosahau fundi. Wenzake wanaingia kazini: kwa nini 15 inarudiwa? Nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, ni nani? Walioketi nyuma yangu walicheka mpaka wakakohoa, wakichekeshwa na mikono na miwani inayoteleza puani. Safu ya mbele, nilikowatambua wahadhiri wawili, kicheko kilitoka kila istilahi ilipotajwa. Mimi nilicheka nukta moja baada ya kila mtu. Mzaha wa lugha ya ugenini hufika sikioni kwanza, akilini baadaye, na upweke huo sijauzoea.

Wakati wa mapumziko bibi mmoja aliyekaa kando yangu alisema wametia chumvi mno. Nikamsimulia ya Stanley Fish, mhakiki wa fasihi. Mwaka 1971, akifundisha Marekani, aliacha ubaoni majina ya waandishi wa isimu na uhakiki ambao darasa lililotangulia lilipaswa kuwasoma, kisha akawaambia wanafunzi wa ushairi wa kidini kwamba ni shairi. Wakalifasiri jina kwa jina. Katika Jacobs wakaiona ngazi ya Yakobo. Fish akashikilia kuwa msomaji ndiye anayelifanya shairi kuwa shairi.

“Kwa hiyo hawakukosea?” bibi akauliza. Nilikuwa bado natafuta jibu taa zilipozimwa.

Sehemu ya pili ina onyesho ambalo bado linanikaa moyoni. Mhadhiri wa mkataba anasahihisha insha usiku, peke yake, akihesabu zilizobaki. Nyuma walicheka. Mbele, kimya; mmoja wa wale wahadhiri aliinamisha kichwa. Nami nasahihisha insha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, na koo lilinikaba. Kwangu hapo ndipo tamthilia ilipokuwa bora kabisa, ingawa mwongozaji hakukaa hapo muda mrefu.

Mlango ukagongwa. Fundi amerudi kuchukua karatasi yake. Akaisoma polepole, kwa sauti, ahakikishe ni yenyewe: kumi na tano, kumi na tano, ishirini na mbili, kona, kumi na tano. Safari hii hakuna aliyecheka, si mbele si nyuma.

Bibi akaniinamia. “Mbona zuri?”