Jedwali la ukweli lipo, fomula iko wapi?
Wanaoanza mantiki ya Boole (hesabu ya 0 na 1) wengi hukwama hapa: wana jedwali linaloonyesha tokeo la kila mchanganyiko wa 0 na 1, lakini fomula hawaioni, kisha wanabahatisha. Usibahatishe jamani. Angalia mistari yenye tokeo 1 tu.

Tuchukue kura ya watu watatu, A, B na C: anayekubali ni 1, anayekataa ni 0, na tokeo ni 1 wakikubali angalau wawili. Kati ya mistari minane, minne ina 1: 011, 101, 110 na 111. Kila mstari uandikie kikundi cha NA, yaani herufi zikiandikwa pamoja (ABC ni A NA B NA C). Penye 0, herufi inapata alama ya SI ('), inayogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0. Kisha unga vikundi kwa AU (+):

A'BC + AB'C + ABC' + ABC

Tayari ni sahihi, ila ni ndefu. ABC unaweza kuitumia mara tatu, maana X + X = X. Ioanishe na kila kikundi: A'BC + ABC = BC, kwa kuwa A' + A = 1. Inabaki AB + BC + AC.

Kwa ramani ya Karnaugh, jedwali la visanduku la kurahisisha fomula kwa macho (Maurice Karnaugh aliitoa 1953), vichwa vya safu viwe 00, 01, 11, 10. Ukiandika 00, 01, 10, 11 umeharibu kila kitu: kutoka 01 kwenda 10 herufi mbili zinabadilika kwa pamoja, hivyo visanduku vilivyopakana havirahisishiki. Na ukingo wa kushoto na wa kulia ni majirani, hili husahaulika mno!

0 zikiwa chache kuliko 1, anza na mistari ya 0, lakini geuza: SI inakaa penye 1, AU ndani ya mabano, NA nje.

Mwisho pitisha mistari yote minane kwenye fomula. Hata mmoja ukitoa jibu tofauti na jedwali, rudi kwenye vikundi.