Nilivyofuga farasi kwa vifungo vya shati

Mimi ni fundi cherehani. Nina mashine mbili, ya miguu na ya umeme, ndani ya kibanda cha mabati hapa Bondeni, Nakuru, na ninapenda mbio za farasi. Watu wakisikia fundi anabeti hudhani ni mpira. Mpira siujui. Mkeka wangu wa mwisho wa mpira ulichanika dakika ya tisa, nikaona heri nishone.

Farasi walinipata kwa sababu ya mvua. Niliingia kwenye duka moja la kamari karibu na steji ili nisilowe, na kwenye skrini ya pembeni, ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama, kulikuwa na mbio za Uingereza. Wengine wangeona wanyama. Mimi niliona nguo. Kifua cha njano kilichokatwa mshazari mwekundu, mikono ya kijani yenye madoa meupe, kofia yenye robo nne za rangi mbili. Baadaye nilijifunza kwamba kila mwenye farasi husajili rangi zake, na mpandaji huvaa rangi za mwenye farasi anayempanda. Ndiyo maana mtu yuleyule anaweza kubadilisha shati mara sita kwa mchana mmoja. Ni nani huyo anayewashonea? Nililala na swali hilo.

Ningekuwa na akili, ningeishia kwenye nguo. Sikuishia. Duka lile lilikuwa pia na farasi wa kompyuta, wale wanaokimbia kila baada ya dakika chache kutwa nzima, hawatoki jasho wala hawaijui mvua. Nikaanza nao kwa ishirini ishirini. Kuna mama alikuwa ameniachia shilingi 1,800 za kununua kitambaa cha sare tatu za shule. Zilikwenda kwa alasiri moja. Nilikopa kwenye chama nikanunua kitambaa, lakini sare zilitoka wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, na yule mtoto mdogo alikaa wiki hizo mbili na kaptura yenye kiraka nilichokishona mwenyewe mwaka uliopita. Mama hakunigombeza. Alihesabu sare, akasema, "Asante fundi," akaenda, na hakurudi tena.

Aliyenitoa huko ni mzee anayeshona viatu mkabala na kibanda changu. Nilimwambia nimeliwa na farasi. Akauliza farasi gani, nikamweleza. Alicheka mpaka sindano ikamchoma.

"Hao si farasi, fundi. Hizo ni nambari zimevishwa mkia."

Mzee huyu, ambaye nilikuwa nimekaa naye barabara moja miaka sita bila kumuuliza alikotoka, alikuwa saisi ujanani mwake, kwenye mazizi ya farasi upande wa Njoro. Aliwapiga brashi, akawatembeza, akalala nao walipougua tumbo. Njoro ndiko alikokulia Beryl Markham, yule ambaye dunia inamjua kwa sababu mwaka 1936 alirusha ndege peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, juu ya Atlantiki. Mzee ndege hazimhusu. Kwake, huyo ni mwanamke aliyepata leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa bado msichana, na akashinda Derby ya Kenya zaidi ya mara moja. Hakumkuta, ila waliomfunza kazi walikuwa wakimtaja kama watu wanavyomtaja shangazi mkali.

Akaniambia nikitaka farasi, nianze kwa kusoma. Kijana wangu wa kazi akachapisha kadi ya mbio pale saiba, nasi tukaitandaza juu ya meza ya kukatia, tukaishikilia kwa mkasi na chaki.

Hapa ndipo utamu wenyewe ulipo, na sijui kama nitaweza kuueleza. Kando ya jina la farasi kuna mstari wa alama, tuseme 30-F214. Unausoma kutoka kushoto, na ya mwisho kulia ndiyo mbio yake ya karibuni zaidi. Huyu alikuwa wa tatu, kisha sifuri, yaani alimaliza nje ya tisa bora. Kistari kinatenganisha mwaka na mwaka. Halafu F, alianguka. Halafu wa pili, akashinda, akawa wa nne. Mzee anaweka kidole juu ya ile F na kuuliza: baada ya kuanguka, walimpumzisha kwa muda gani? Aliporudi waliruka viunzi au walikimbia chini? Na alipokuwa wa nne, alikuwa amebebeshwa nini? Kwa sababu katika mbio za kusawazisha uzito, anayeshinda huongezewa mzigo. Vipande vya madini ya risasi hutiwa kwenye tandiko ili hodari abebe zaidi na mnyonge abebe kidogo, wote wafike karibu pamoja. Nilipoelewa hilo niliona namba nne ile si aibu, ni kodi ya ushindi. Mstari wa alama saba tuliujadili tangu saa nne mpaka mwito wa adhuhuri, na nikatoboa mfuko wa suruali ya mteja kwa kutotazama.

Tatizo lilikuwa pesa. Kusoma kulinipa hamu zaidi, si pungufu. Vifungo vilitokana na hasira: siku moja mama mboga wa jirani, aliyechoka kutusikia, alichota vifungo kwenye mkebe wangu, akaviangusha juu ya kadi, akasema, "Wekeni hivi basi, tuone nani anajua."

Tumeviweka hadi leo. Tuko wanne: mimi, mzee, mama mboga na kijana. Kila mwanzo wa mwezi mtu hupewa vifungo sitini. Kidogo cheupe cha shati ni kimoja, na kile kikubwa cha koti, cha matundu manne, ni kumi. Hesabu ninaiandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, kwa hiyo ukilifungua upande huu utakuta kiuno na kifua, ukiligeuza utakuta nani anamdai nani. Pesa halisi ninaweka mara moja kwa wiki, Jumamosi, shilingi mia, na lazima itokane na gunia la vitambaa vilivyobaki, ambavyo huuza kwa wanaojaza mito. Gunia lisipouzwa, hakuna mia. Kuna Jumamosi nimeangalia gunia nusu kwa chuki isiyo na maana.

Mia yenyewe huigawa. Hamsini farasi ashinde, hamsini awe miongoni mwa wanaolipwa. Wakikimbia wanane au zaidi, kwa kawaida wanaolipwa ni watatu wa kwanza. Wakiwa watano hadi saba, ni wawili. Mfano mmoja ninaoukumbuka: farasi wa kumi kwa moja, yaani akishinda kila shilingi huleta faida ya kumi, alishika nafasi ya tatu. Hamsini ya ushindi ikapotea. Hamsini ya nafasi ikalipwa sehemu ya tano ya bei, yaani mbili kwa moja, nikapata mia na hamsini yangu ikarudi. Faida ni shilingi hamsini, kabla serikali haijachukua chake. Nilinunua mandazi ya watu wanne na nikatembea kama mtu aliyeuza shamba.

Kijana naye hupenda kuweka vifungo kwa farasi wawili katika mbio moja, na kila akifanya hivyo mzee hupiga paja: "Mpanda farasi wawili hupasuka msamba!" Hii methali hatuwezi kuikwepa. Lakini nimepiga hesabu kimyakimya, na kijana hakosei. Vifungo kumi kumi kwa farasi wawili wa nane kwa moja, mmoja akishinda anarudi na tisini kwa ishirini alizotoa. Methali ilitungwa na mpandaji, haikutungwa na mwekaji dau. Sijamwambia mzee.

Mama mboga hasomi alama. Huchagua majina. Jina la farasi wa mbio haliruhusiwi kuzidi herufi kumi na nane, nafasi zikihesabiwa, ndiyo maana mengine yamebanwa neno kwa neno kama abiria wa jioni. Hutaka tumtafsirie, kisha huwaza akimenya njegere, kisha huweka. Mwezi Mei alimaliza na vifungo mia na kumi na mbili. Nina maoni yangu juu ya jambo hilo.

Kisa anachokipenda ni cha farasi Foinavon, nami nimemsimulia mara nyingi kiasi kwamba sasa hunisahihisha. Grand National ya 1967, zile mbio kubwa za kuruka viunzi za Uingereza, kule uwanja wa Aintree. Kwenye kiunzi cha ishirini na tatu, kimojawapo cha vile vifupi kabisa, farasi mmoja aliyekwisha mwangusha mpandaji wake alikata njia mbele ya wenzake. Walirundikana wote, wengine wakasimama, wengine wakageuka, wapandaji wakawa chini wakitafuta hatamu. Foinavon alikuwa nyuma mno. Alifika wakati vumbi limetulia, akaona mwanya, akaruka, akaenda zake. Bei yake ilikuwa mia kwa moja, na kile kiunzi sasa kinaitwa kwa jina lake. "Ona," mama mboga humwambia kijana, "aliyechelewa." Kijana huchelewa kazini.

Jumamosi zetu zinafuata saa za wengine. Kiangazi cha Uingereza, mbio ya saa nane kwao ni saa kumi kwetu, jua bado linapiga mabati. Wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, inakuwa saa kumi na moja, nami nashona huku nikivizia dakika. Afrika Kusini ni nafuu, wako nyuma yetu kwa saa moja tu, na Jumamosi ya Durban July, mbio yao kubwa kule uwanja wa Greyville, hatupokei kazi ya haraka. Asubuhi tunauliza simu kama York, kwenye uwanja mmoja wa Uingereza, imenyesha. Ardhi ikilowa farasi fulani hawaendi na wengine ndiyo hufurahi, basi tunaifuatilia mvua ya York kana kwamba tuna mahindi huko.

Kitu kimoja kilinisumbua: nilikuwa sijawahi kumwona farasi wa mbio kwa macho. Punda wa mikokoteni ya maji, wengi. Nilikuwa nimeanza hata kuwatazama punda masikio na miguu ya nyuma, mpaka mwenye mkokoteni mmoja akaniuliza kama nataka kununua. Basi magunia mawili yalipouzwa pamoja, nikavaa koti langu zuri, lile nililojishonea kwa ajili ya arusi ya dada, nikapanda matatu ya alfajiri ya Jumapili. Gilgil, Naivasha, Limuru, kisha ya pili ya kwenda Ngong Road. Nauli ya kwenda na kurudi ingenitosha madau mengi. Mzee hakutaka kuja. Alisema magoti, na sikumbishia.

Uwanja wa Ngong ulifunguliwa 1954, na una miti mikubwa na watu wachache kuliko nilivyodhani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye uzio ambapo farasi huzungushwa kabla ya mbio. Skrini ilikuwa imenidanganya. Haikunionyesha mishipa. Chini ya ngozi ya shingo kuna mishipa kama uzi wa kudarizi, inainuka na kulala, na ngozi yenyewe inatetemeka nzi akitua, pale alipotua tu. Haikunionyesha harufu, ya jasho na ngozi ya tandiko na nyasi zilizotafunwa. Wala sauti. Walipopita mbele yangu wakienda shoti, ardhi iliniingia kwa nyayo.

Na nilimwona mpandaji kwa karibu. Shati la samawati lenye nyota. Kitambaa chepesi kinachong'aa, na chini ya kwapa la kulia mshono ulikuwa umefumuka kama sentimita nne. Mshono wa mara moja! Mtu anainua mikono kwa kazi, unamshonea kwapa mara moja? Nilimtazama akipimwa mzani kabla na baada ya mbio, pamoja na tandiko lake, na wakati wote nilikuwa naangalia lile tundu.

Mia yangu niliiweka kwa farasi wa kijivu, kwa sababu alipopita kwenye uzio alisimama, akanitazama, na kabla saisi hajamvuta akapangusa mdomo wote kwenye mkono wa koti langu. Ningemkataaje?

Jumatatu asubuhi nilimpelekea mzee koti. Povu lilikuwa limekauka, rangi ya kijani ya nyasi, kutoka kiwiko hadi kifungo cha mwisho. Aliweka kiatu chini. Akaukunja ule mkono wa koti, akaunusa, akakaa nao puani kwa muda.

"Alikuwa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Kati ya wangapi?"

"Watano."

Akanirudishia koti, akaokota kiatu.

"Hukumwangalia makalio."