Kidonda cha mguu kisichouma kwa mgonjwa wa sukari

Miguu ikishaingia ganzi, maumivu hayategemewi tena. Mtu hukanyaga msumari asubuhi akashinda nao ndani ya kiatu. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika hata kuhusu wagonjwa walioliwa vidole na panya usiku wasijue mpaka kulipokucha. (Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro basi kina kazi mbili.)

Kwa hiyo tumia macho. Kila jioni, penye mwanga, kagua nyayo, visigino na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atazamiwe na mwenzake. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Joto la maji ya kuogea lipime kwa kiwiko. Sugu usiikate kwa wembe.

Kidonda kikitokea, kioshe kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai, kisijae kupita ukingo, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Funika kwa shashi safi, kisha nenda kituo cha afya, hata kama hakiumi. Spiriti huunguza nyama changa. Kibaya zaidi ni kufungua kapsuli ya antibiotiki na kunyunyizia unga wake: unaganda, juu panaonekana pamekauka, huku usaha unachimba kuelekea mfupani.

Kidonda kisicho na maambukizi hakihitaji antibiotiki. Dalili za maambukizi ni uvimbe, joto, maumivu, usaha, na wekundu, ambao kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana kama weusi uliozidi au mng'ao. Zikiwapo mbili, dawa huanzishwa, kwa kawaida wiki 1 hadi 2. Mfupa ukiambukizwa na usikatwe, huwa kama wiki 6. Nyama iliyokufa nayo lazima iondolewe, na mguu huo usikanyagie chini. Hapa ndipo wengi hukwama: vidonge vinamezwa kwa saa zake, lakini kidonda kinakanyagwa kutwa nzima, hakifungi.

Harufu mbaya, kidole kuwa cheusi, wekundu kupita sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda, au sukari kupanda bila sababu: hospitali usiku huohuo. Usisubiri homa, huenda isije. Insulini isiachwe hata mgonjwa akikosa hamu ya kula. Pima sukari kila saa 4 na umuulize daktari kipimo cha insulini. Anayetapika au kuharisha sana asitishe metformini (kidonge cha sukari) kwanza, naye amwone daktari.

Mkono nao usidharauliwe. Mkwaruzo mdogo au kuumwa na mdudu huweza kuuvimbisha hadi kifundoni kwa siku chache, na hapo ni kazi ya daktari wa upasuaji, wala si ya duka la dawa.