"Leo hayuko sawa": nilivyojifunza kumsemea mwanangu mwenye shanti

Mwanangu ana mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukujifunga akiwa tumboni, na kichwa maji, yaani maji huzidi kichwani. Mgongo ulifungwa mara tu baada ya kuzaliwa, na kichwa kilipoanza kukua kuuzidi mwili akawekewa shanti. Sasa amefikia umri wa kuanza shule. Akina mama ninaokaa nao kwenye benchi la kliniki huniuliza, "Mwenzetu, wewe unawezaje?" Pale hujibu kwa kifupi, maana jina likiitwa lazima uinuke. Hapa nina nafasi, nitaeleza. Ya machozi nayaruka, hayo hayahitaji mwalimu.

Kwa wasioijua, shanti ni mrija mwembamba unaotoa maji yaliyozidi kichwani na kuyashusha hadi tumboni, ambako mwili huyanyonya. Wote umo chini ya ngozi, na njiani una vali inayoruhusu maji yapite kwa kipimo. Kwa mwanangu vali iko nyuma ya sikio la kulia, ukipapasa unaigusa. Vali iliyofanya tiba hii isambae ilibuniwa mwaka 1956 na John Holter, fundi wa kampuni ya kufuli huko Marekani, ambaye mtoto wake Casey alizaliwa na hali hii hii. Hakuwa daktari, alikuwa mzazi mwenye maswali mengi. Huwa namkumbuka nikiona nesi ananikunjia uso kwa sababu nimeuliza tena.

Jambo ambalo hakuna aliyetuficha ni kwamba shanti huharibika. Huziba, huachia, au huingia vijidudu, na karibu nusu ya zinazowekwa kwa watoto huleta shida ndani ya miaka 2 ya kwanza. Kwa hiyo tuliruhusiwa kwenda nyumbani tukiwa na orodha ya dalili za hatari: kutapika, usingizi mzito, kulia bila kunyamazika, homa, kukataa kula. Mzazi yeyote akisoma orodha hiyo atacheka. Hivyo ni vitu ambavyo kila mtoto mchanga huvifanya kila wiki! Meno yakiota, atalia. Akishikwa na mafua, atatapika. Sasa utajua vipi kwamba usiku huu ni meno na usiku ule ni shanti?

Nilichokuja kuelewa ni kwamba daktari anaijua shanti kuliko mimi, ila mtoto hamjui. Anamwona akiwa mgonjwa tu. Hajui kwamba huyu huamka na kelele, hajui kwamba akiona ufunguo lazima aunyooshee mkono. Ukimwambia "daktari, leo hayuko sawa," umesema kweli, lakini hana cha kushika. Kazi yangu ikawa kuigeuza ile "hayuko sawa" iwe kitu anachoweza kukiona na kukipima.

Nilianza na video. Akiwa mzima, ameshiba na ametoka kulala, namrekodi kwa simu muda mfupi: anavyogeuza macho kufuata kitu, anavyokaza shingo, anavyocheka. Nikipata mpya nafuta za zamani sana. Usiku mmoja tulifika mapokezi ya dharura akiwa ametapika na amelegea. Daktari wa zamu, kijana tu, akamtazama akasema, "Mbona ametulia, mama?" Nikampa simu. Akaitazama ile video, akamtazama mtoto, akairudia. Kisha akavuta kiti akakaa, akaanza kuniuliza maswali ya maana, na kabla hajamaliza alikuwa ameshampigia daktari wa upasuaji. Shanti ilikuwa imeziba. Maneno matupu yasingefika haraka hivyo, maana kwa mtu asiyemfahamu, mtoto aliyetulia ni mtoto mwema.

Kingine ni futi kamba ya fundi cherehani. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake hukua kama sentimita 2 kwa mwezi katika miezi 3 ya kwanza, halafu sentimita 1 kwa mwezi hadi miezi 6, kisha kama nusu sentimita hadi afike mwaka. Nilikuwa nampima mara moja kwa wiki, juu kidogo ya nyusi na pale kisogo kilipotokeza zaidi, nikiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Nawashauri wenzangu msipime kila siku. Futi ikiteleza kidogo tu inakupa milimita za uongo, na milimita za uongo zitakukosesha usingizi wa kweli.

Akitapika, nina mpangilio wangu, na kufuata mpangilio ndiko kunakonizuia kupaniki. Wakati utosi haujafunga, nilikuwa namkalisha wima na kungoja atulie ndipo niuguse, kwa sababu mtoto akilia au akilala chali utosi hutuna hata kama hana tatizo. Kisha macho: yakielekea chini na weupe ukaonekana juu ya mboni, hakuna kusubiri kupambazuke. Kisha napitisha vidole njia nzima ya mrija, kuanzia kichwani na shingoni hadi tumboni, nikitafuta uvimbe, wekundu au joto. Mwisho nauliza habari za choo. Hili la choo watu wengi hawalijui. Watoto wa mgongo wazi hufunga choo sana, na tumbo likijaa presha ya humo hupanda, maji ya shanti yakakosa pa kushukia. Kuna vipindi tumehangaikia kichwa kumbe shida ilikuwa utumbo. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo kwetu haikosi, na siku bila choo zinaandikwa kama joto la mwili linavyoandikwa.

Halafu kuna karatasi. Ni moja tu, pande mbili, imetiwa plastiki, iko kwenye begi lake. Ina aina ya shanti na kipimo cha presha ya vali, upande iliko, tarehe ya upasuaji wa mwisho na sababu yake, uzito, dawa na kiasi cha kila dozi, na kwa herufi kubwa: ASIGUSWE NA LATEKSI, yaani ule mpira wa glavu na maputo. Pamoja nayo nabeba picha za CT, zile zinazoonyesha ndani ya kichwa, zilizopigwa akiwa mzima. Hizo msiziache hospitali. Kuna watoto ambao vyumba vya ubongo wao, yaani nafasi za maji ndani ya ubongo, ni vikubwa siku zote, na wengine shanti inaziba lakini vyumba havitanuki. Bila picha ya siku njema ya kulinganishia, ya siku mbaya inaweza kusomwa vibaya.

Tuje kwenye mkojo, maana huko ndiko kwenye kazi ya kila siku. Neva za kibofu chake hazifanyi kazi vizuri, hivyo mkojo hautoki wote. Ukibaki huleta maambukizi, na ukirudi juu huharibu figo. Dawa ni kuutoa kwa mpira mwembamba uitwao katheta, unaoingizwa kwenye njia ya mkojo, kila baada ya saa 3 au 4 mchana. Nilipoambiwa nitafanya mwenyewe nyumbani nilidhani wananitania. Nilifikiri inahitaji chumba kama cha upasuaji. Sista aliyenifundisha akanieleza kwamba tangu mwaka 1972, Jack Lapides, daktari wa njia ya mkojo, alipoonyesha kwamba inatosha kuwa safi, si lazima kila kitu kiwe kimeuawa vijidudu, wazazi wamekuwa wakifanya nyumbani. Mikono ioshwe kwa sabuni, mpira upakwe jeli, uingizwe taratibu hadi mkojo utoke, ungoje uishe, kisha utolewe polepole kwa sababu mwingine hutoka mwishoni kabisa. Ukigoma, usilazimishe, mtoto akohoe au acheke, misuli italegea.

Na jueni hili: mkojo wa mtoto anayetumia mpira ukipimwa mara nyingi utakutwa na vijidudu. Kama hana homa, hana maumivu na harufu haijabadilika ghafla, daktari wake hampi antibiotiki, maana vijidudu vitazoea dawa na siku ya shida haitafaa. Hilo nalo liko kwenye karatasi, kwa sababu kila tukikutana na mtu mpya anataka kuandika dawa.

Kilichokaribia kunishinda ni kwamba yote haya yalikuwa kichwani mwangu peke yangu. Baba yake alijifunza mapema, lakini yuko kazini mchana. Mama mkwe alikuwa akikaa mlangoni nikimtoa mtoto mkojo, anatazama, hasemi kitu. Siku moja nikamwambia, "Mama, karibu uone tu, usishike." Akanijibu, "Nimekulelea mume wako mpaka ukampenda, mjukuu ndiyo anishinde kwa mpira? Hebu sogea ninawe mikono." Kusema kweli ananizidi. Anamwimbia, mtoto anacheka, mpira unapita. Kabla ya hapo aliwahi kusikia majirani wakisema mimba yangu ilikuwa na mkosi. Nilimweleza alivyonieleza daktari, kwamba mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za kwanza tangu mimba itungwe, wakati wanawake wengi hata hawajajua wana mimba. Sijui aliwajibu nini majirani, ila waliacha.

Jioni yeye ndiye anayekagua miguu. Mtoto hasikii kitu chini ya magoti, kiatu kinaweza kumchubua siku nzima asilalamike, na maji ya kuoga yakimbabua hatalia. Kwa hiyo maji tunayajaribu kwa kiwiko, na nyayo zinatazamwa kila siku, katikati ya vidole pia. Wekundu usioondoka kwa muda, viatu vinapumzishwa. Lateksi nayo tunaikimbia kwa sababu watoto hawa huguswa na glavu na mipira tangu wachanga, na wengi mwili huikataa. Kwenye sherehe za watoto mimi ndiye mama mkorofi anayeuliza kama kuna maputo.

Sasa tunatafuta shule. Walimu wakuu huanza kwa kuniuliza kama anaongea na kama anajua kuhesabu. Anaongea mno. Mimi nauliza choo: mlango unafungwa? Maji yapo? Kiti cha magurudumu kinapita? Na nani atakubali kufundishwa kumtoa mkojo kwa mpira mpaka mtoto mwenyewe aweze? Wengi huanza kujifunza kujitoa mkojo wakiwa na miaka 5 hadi 7 hivi, na wangu ameshaanza kunishikia jeli na kuniambia nakosea. Shule moja imekubali, na mwalimu msaidizi atakuja nyumbani Jumamosi kujifunza. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha mimi, lakini mama mkwe amesema kazi hiyo ni yake.